Mawe Meupe ya Njia ya Ziwani

Mjukuu wangu, kuna siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na kwenye harusi yangu pilau lililiwa mpaka mbwa wa kijiji cha pili wakavimbiwa. Ni siku niliyoambiwa kwamba ziwa letu limeuzwa, nami nikaamini.

Si kuamini kidogo. Niliamini mzima mzima, kuanzia unyayo hadi kofia. Habari yenyewe ilikuwa hivi: tajiri mmoja wa mbali kanunua ziwa lote, maji na samaki, na viboko kapewa nyongeza. Atakuja na malori ya matangi mia tatu, atumbukize mpira mnene kama mnazi, ayavute maji yote, na kabla ya Idd tutaamka tukute shimo kavu na kambare wanatutazama. Maji yenyewe yatatiwa kwenye chupa, halafu sisi wenye ziwa tukayanunue Nangurukuru, pale yanaposimama mabasi.

Unacheka. Cheka tu, lakini miaka ile hukuwepo. Ilikuwa miaka ya ruksa. Ulilala jana kila kitu ni cha serikali au cha kijiji, ukaamka leo mashine ya kukoboa ina mwenyewe, duka la ushirika lina mwenyewe, na mitumba imemwagwa chini sokoni watu wanachagua kama dagaa. Na mimi, kwa macho yangu haya, nilikuwa nimeyaona maji ya chupa Nangurukuru, bei yake imeipita soda. Nilimuuliza muuzaji, "Yana nini ndani?" Akanijibu, "Maji." Nikamuuliza tena, nikidhani hakunisikia. Sasa mtu aliyekwisha kuona maji yanaishinda soda kwa bei, utamwambia nini akuelewe kwamba ziwa haliuziki?

Aliyeniletea habari ni rafiki yangu Chande, muuza mitumba kwa baiskeli. Chande akitoka Nangurukuru hubeba robota moja la nguo na marobota matatu ya maneno. Nilimkuta kaegemea baiskeli yake, akanivuta mkono.

"Wewe si ndiye msomi wetu, Athumani? Hebu jiulize. Wale wanaofyeka njia ya ziwani kila Jumamosi, wanalipwa na nani?"

Hapo ndipo aliponikamata. Kweli nilikuwa msomi. Nilikuwa nimehitimu masomo ya jioni ya watu wazima, nimesoma mpaka kibatari kikaniomba likizo, na cheti changu nilikitundika ukutani juu kabisa, mgeni akiingia avunje shingo kukitazama. Swali la hesabu halikuwahi kunishinda. Nikalifanya lile.

Lazima nikueleze kwanza hao wafyekaji. Walikuwa watu kumi na kitu, na mkubwa wao alikuwa Bi Somoe, mama mtu mzima, mkulima wa ufuta, mfupi, mwenye sauti ya kusimamisha lori. Walikuwamo Waislamu na Wakatoliki, na waliichagua Jumamosi ili Ijumaa ibaki ya msikiti na Jumapili ibaki ya kanisa. Mvua kubwa za mwaka wa nyuma zilikuwa zimeimeza njia ya zamani, mwendo wa saa nzima kutoka kwetu huku upande wa Njinjo, na watu wakaacha kwenda kupumzika ziwani. Sikukuu mbili zilipita hakuna aliyekwenda kula wala kuogelea kule. Basi hawa wakajitolea. Walifyeka, wakalaza magogo penye tope, wakachonga mabenchi, wakaezeka kibanda cha makuti kando ya maji. Na kila baada ya hatua kumi waliweka jiwe lililopakwa chokaa.

Sasa sikia hesabu yangu. Sisi tuliokulia enzi za vijiji tuliijua kazi ya bure ya namna moja tu: ile inayopigiwa mbiu, na asiyekwenda anaandikwa jina. Ilipokuja ruksa tukaijua kazi ya namna ya pili, ile ya kulipwa. Kazi ya namna ya tatu, ya mtu kuamka mwenyewe, hakuna mbiu wala malipo, haikuwamo katika daftari langu. Kwa hiyo nikasema: mbiu haijapigwa, basi wanalipwa. Wanalipwa, basi kuna tajiri. Kuna tajiri, basi yale mawe meupe ni bikoni, alama za mpaka wa shamba lake. Jibu likatoka zuri, halina hata mabaki.

Nyumbani nilikuwa na mke wangu Zuhura, binti aliyetoka Nyangamara, tumeoana miezi mitatu tu. Ugenini kwetu hakuwa na rafiki, na alipoanza kwenda na kina Bi Somoe akapata wa kucheka naye. Jioni ile nikamwambia asiende tena.

"Kwa nini?"

"Unalifyekea ziwa njia ya kuondokea."

Aliinua macho ukutani. "Athumani, hicho cheti chako kimekaa juu sana. Labda kishushe kidogo."

Msomi habishani. Kesho yake, Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri, watu wamejipumzisha, nikachukua kamba na vijiti nikaenda ziwani.

Mtu mjinga angeyatupa mawe tu, mwanangu. Mimi sikuyatupa. Niliyahamisha kwa akili. Njia ile, ikikaribia maji, ilikata kona kubwa kushoto kuyakwepa matete wanakopita viboko. Pale kwenye kona nikayang'oa mawe elfu moja, sawa, tuseme ishirini na sita, nikavuta kamba kama mwalimu wa hesabu alivyotufundisha, nikayapanga upya yaende moja kwa moja mpaka ndani ya matete. Kona ya zamani nikaifunika kwa matawi. Tajiri akija kukagua mali yake, atembee mwenyewe mpaka mdomoni mwa kiboko, ndiyo ilikuwa nia yangu. Nilirudi nyumbani mgongo unauma, moyo mweupe kuliko yale mawe.

Asubuhi yake niliamka jua limechomoza, Zuhura hayupo. Ndoo haipo. Nikatoka nje nikamwona Bi Somoe anapita na panga begani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mkeo katutangulia kwenda kuchota maji ya kuchanganyia chokaa. Mwanamke huyo! Sisi bado tunatafuta viatu, yeye keshafika."

"Katangulia na nani?"

"Peke yake. Anashindwa nini? Mawe si yanamwongoza?"

Mtu wa kwetu hata bila mawe angejua kona ilipo. Zuhura alikuwa mgeni. Cha kutegemea alikuwa na mawe yale tu. Na saa zile za asubuhi ndizo viboko wanazorudi majini kutoka malishoni.

Nikakimbia. Mwanangu, mbio zile kama zingepimwa, leo sanamu yangu ingekuwa imesimama mahali. Nyuma yangu nilisikia sauti ya Bi Somoe, "Kuna nini, Athumani?" na nyayo zake na za wenzake zikinifuata. Pale penye kona ukungu ulikuwa haujainuka bado. Nikaufuata mstari wangu ulionyooka, jiwe baada ya jiwe, na kila jiwe nililolipita lilinisuta.

Nilimkuta Zuhura juu ya kichuguu katikati ya matete, kasimama mguu mmoja, kashika kijiti. Ndoo ilikuwa chini, imekanyagwa ikawa bapa kama chapati. Na hatua kumi kutoka kwenye kichuguu alisimama kiboko jike na mtoto wake, mkubwa kama msikiti wa Ijumaa, masikio yanacheza.

"Zuhura!"

Kiboko akageuka, akanitazama mimi.

Nikaokota jiwe langu moja jeupe nimrushie. Nyuma yangu sauti ikasema, chini kabisa, sauti ambayo sikujua kama Bi Somoe anayo:

"Weka chini. Wewe ndiye uliyesimama vibaya."

"Mke wangu yuko..."

"Mkeo yuko juu, hana neno. Wewe umemzibia mwenzio njia ya maji. Tembea kushoto. Usikimbie. Mpishe apite."

Nilitembea kushoto. Hatua sita zile zilichukua mwaka mmoja na nusu. Nilipotoka pale niliposimama, kiboko akapuliza pua, akamsukuma mtoto wake mbele, wakapita palepale nilipokuwa, matete yakavunjika kwa kishindo, na maji yakawafunika.

Zuhura aliposhuka alikuwa kateguka kifundo cha mguu. Hakulia. Wenzake walikuwa wamekwisha fika, kila mtu na jembe lake, wote wanatazama ule mstari mweupe uliokwenda pasipotakiwa.

"Nani kayahamisha mawe?" akauliza Zuhura.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema watoto. Nakuambia ukweli, hata Chande nilimfikiria. Lakini mguu wa mke wangu ulikuwa unavimba mbele ya macho yangu.

"Mimi," nikasema. Nikaeleza yote, tajiri, matangi, mpira mnene, bikoni. Nilipofika kwenye kambare, mtu mmoja nyuma alishindwa kujizuia, akacheka, akafuatwa na mwingine. Zuhura hakucheka.

Bi Somoe aliinama akautazama mstari kwa jicho moja, kama fundi anayepima ukuta.

"Lakini umenyooka," akasema. "Astaghafirullah, umenyooka kweli. Sisi tungekuwa na mtu wa kamba kama wewe, tungemaliza mwezi uliopita."

Hiyo ndiyo adhabu niliyopewa. Hawakunifikisha kwa mwenyekiti, hawakuandika jina langu popote. Walimchukua Zuhura wakamkalisha kibandani, wakamkanda mguu kwa maji ya moto, na mimi nikapewa mawe yangu. Niliyarudisha moja moja, tangu asubuhi mpaka alasiri, kwenye kona ilipotakiwa kuwa, na kila nilipoliweka moja, Zuhura pale benchini aliita, "Sogeza!" Nasogeza. "Tena!" Nasogeza. Naapa kuna jiwe moja nililisogeza mara sabini. La mwisho alilikubali akiwa anacheka, nami nikajua ndoa yangu imepona.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda mwenyewe na kamba yangu. Na iliyofuata. Idd ile watu walikuwa wengi ziwani mpaka nikahofia maji yatapanda, na Krismasi wakaja tena, pilau kwa pilau. Chande naye alikuja, akauza nguo za kuogelea ambazo hakuna aliyejua zinavaliwaje. Huyo Zuhura ni bibi yako mpaka leo. Mvua ikikaribia kifundo kinamuuma, anakiinua anionyeshe.

Nimekusimulia haya kwa sababu juzi mwenyekiti aliposema magogo ya njia ya ziwani yameoza na watu wanahitajika Jumamosi, nilikusikia ukimuuliza mwenzako, "Nani anafaidi pale?" Swali si baya. Nami nilijiuliza. Kosa langu ni kwamba nilimsikiliza mwenye baiskeli aliyepita, sikumuuliza mwenye jembe aliyeinama. Ukitaka kujua kwa nini mtu anafanya kazi, mfuate kazini, mpokee jembe, halafu uulize ukiwa umeinama naye. Utajibiwa. Na ukikuta alama njiani hujui imewekwa kwa ajili ya nani, iache mpaka ujue, maana anayeitegemea anaweza kuwa mtu wa nyumbani kwako. Usomi wako pia uende nao, mwanangu. Kamba yangu ilikuwa ileile siku ya ubaya na siku ya wema, nilichobadilisha ni mahali pa kuivutia.

Mungu akujaalie miguu ya kukufikisha na mikono isiyoona haya kushika fyekeo. Akupe rafiki wa kukuambia umesimama vibaya kabla hujarusha jiwe, na mwenza wa kukuambia sogeza mpaka pakae sawa. Na akupe uzee mrefu wenye makosa machache ya kuchekesha. Amina.

Jambo moja nimelibakiza. Siku ile ya mawe, jua linateremka, mikono yangu nyeupe kwa chokaa hadi kwenye viwiko, nilimwendea Bi Somoe alipokuwa akifunga majembe. Pamoja na yote yaliyotokea, bado hesabu ilikuwa inanisumbua.

"Bibi," nikamwambia, "sasa niambie kweli. Sitamwambia mtu. Mnunuzi ni nani?"

Alifunga fundo lake mpaka likakaza.

"Hakuna mnunuzi, Athumani. Tunasafisha njia kwa sababu tunapita hapa."