Kikao cha Kuikataa Nyumba

Juzi, pale Majengo, niliona mgambo wakimwamsha mzee aliyelala barazani mwa duka la nafaka, nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni mwangu, kule mtaani kwetu Makole.

Majirani walijaa uani kwetu, chai ya tangawizi ikinukia. Nilikuwa nimesikia kwamba nyumba ya jirani itahifadhi watu wasio na makazi, nikadhani tunajiandaa kuwapokea.

Akaja Bibi Mbeleje, aliyekuwa akilala sokoni, na mkeka wake kichwani.

"Shikamoo bibi, karibu," nilimwambia.

Mama akanivuta. Mwenyekiti wa mtaa akasema, "Bibi, nyumba hiyo tumeikataa. Hapa tuna watoto."

"Haya, wanangu," akajibu, akageuka.

"Uende salama, bibi," wakaitikia wote. Kwa jinsi walivyosema kwa upole, nilidhani ana pa kwenda.