Ukurasa wa Tisa Sikuusoma

Kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Jumatatu asubuhi nilitoka Oyugis na begi moja bila kujua naenda wapi. Nilijua tu kwamba chumba kile hakikaliki tena.

Shule niliachia darasa la saba, lakini kusoma napenda. Hata gazeti lililofungia sukari nalikunjua nilisome! Nilikuwa nakaa na Otieno, mwanafunzi wa chuo. Huko chuoni kwao, kabla mwalimu hajapokea utafiti wa mtu, mwenzake huusoma kwanza na kuandika maoni. Majina hufichwa, inabaki namba tu.

Otieno akashikwa na malaria. "Omera, ndugu yangu, nifanyie hii," akanirushia karatasi. "Wewe si ndiye profesa wa gazeti la sukari?"

Jamani, kichwa kilinivimba! Utafiti ulihusu wanawake wanaokausha tumbaku kule Kehancha, na vifua vinavyowasumbua. Nikasoma mwanzo, nikaruka hadi mwisho, nikashika kalamu: "Mwandishi hajawahi kukanyaga shamba la tumbaku. Hakuuliza mwanamke hata mmoja. Atafute kazi nyingine."

Otieno akanakili bila kuuliza. Mimi nikacheka peke yangu kama mjinga.

Wiki hiyo Boke akaja kwetu, macho mekundu. Boke anasoma na Otieno. Oyugis nzima, ni yeye tu aliyeniazima vitabu bila kuniuliza nimefika darasa la ngapi.

"Eti sijawahi kukanyaga shamba," akasema. "Mimi! Maneno ya mama yangu mwenyewe yako ukurasa wa tisa."

Ee Mungu, kwa nini sikukiri palepale? Nikammiminia chai.

Kazi hakuiwasilisha. Alifunga virago akarudi kwao Kehancha. Ndipo nikampigia simu, nikakiri. Aliuliza jambo moja: "Ulisoma kurasa zote?"

"Hapana."

Akakata. Tangu siku hiyo hapokei. Otieno naye aliposikia nimesema, akaogopa chuo kitajua. "Tafuta kwako, bwana," akaniambia.

Miguu imenileta Kehancha. Mama mwenye nyumba ya wageni ameniuliza, "Umekuja kwa nani, baba?" Nimeomba chumba tu. Amenipa chumba cha nyuma, dirisha linatazama mabanda ya tumbaku yanayofuka moshi.

Nakala ya utafiti wa Boke ilibaki begini mwangu. Leo nimefungua ukurasa wa tisa. Mama yake anasema: "Nakohoa tangu huyu anayeniuliza azaliwe."

Nimeandika maoni upya, karatasi mbili. Sijui kama Boke atafungua mlango nikibisha.

Wewe unayepewa kazi ya mwenzako uipime, isome yote! Anza na alichofanya vizuri. Ukiona pengo, taja ukurasa, uliza kabla hujahukumu. Na usiandike neno ambalo ungeona haya kumwambia ameketi mbele yako, anakunywa chai yako.