Biriani la Kadi ya Sadaka

Jamani, nimechoka hata aibu yenyewe naiona mzigo. Mama yangu hawezi, kutwa namgeuza kitandani. Kadi tunayopewa na kamati ya sadaka hapa mjini Ibra ni ya mchele, unga na mafuta tu; chakula kilichopikwa mwiko. Lakini duka lenyewe lina pembe ya biriani, na mashine ya kulipia haiulizi. Jana nikanunua.

Sijavua hata buibui, hodi! Ni Bi Zuwena, mama anayegawa kadi. Nikalimimina biriani sufuriani mbio, nikalibandika jikoni, nikajipaka na manjano mkononi nifanane na mpishi.

"Shikamoo Bi Zuwena, karibu, ndo kwanza naepua."

"Marahaba mwanangu. Mashaallah, na mgonjwa ndani bado wapika!"

"Toka asubuhi nimo jikoni, wallahi."

Akala, akasifu, nami nikamhadithia vitunguu nilivyovikaanga mpaka vikawa vyekundu. Alipokwisha kunawa akaniambia kwa upole:

"Haya, njoo tuteremshe mtungi garini. Si ulinipigia Jumapili ukaniambia gesi imekwisha, huna hata ya kuchemshia maji?"