Mpimaji Nyuma ya Kioo

Tabibu wa zamani alikushika kwanza. Wa leo anakutazama kupitia kioo. Mpimaji huyu wa mashine ya sumaku nilimtia kapu moja na hao wa leo. Kila akiingia chumba cha mashine hujipapasa mifuko, huvua pete, sumaku isivute chuma. Anapima maji yanavyopenya utando wa seli za uvimbe wa mke wangu. Yakipenya kwa kasi, dawa inafanya kazi. Mara mbili mke wangu alitetemeka kwa kelele za mashine, kipimo kikaharibika. Kikiharibika tena, ni kisu cha upasuaji.

“Bibi, ngoma ya mashine unaicheza?” mpimaji akamuuliza mke wangu.

“Mwanangu, ikipigwa hivi hata wewe utaicheza!”

Akacheka, akamwachia mwenzake usukani wa mashine, akaingia, akaketi miguuni pa mke wangu, akamshika nyayo mpaka kelele zikakoma. Mke wangu hakutikisa hata ukope.