Kanda ya Mfukoni mwa Koti

Robota langu la kwanza la mitumba lilitoka makoti matupu. Makoti ya baridi, mazito, na hapa ni Temeke, jua la mwezi wa pili. Miaka hiyo ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, ulinunua robota limefungwa, hujui kilichomo mpaka ukate mkanda wake wa bati. Mie niliacha shule darasa la pili, hakuna mtu wa kunipa kazi ya kalamu. Kila nilichokuwa nacho kilikuwa ndani ya robota lile. Makoti yasipotoka, narudi Kurasini kubeba magunia.

Yalianza kutoka. Mlinzi mmoja alichukua, madereva wa malori ya Njombe wakachukua. Ndipo nikakuta kanda kwenye mfuko wa ndani wa koti jeusi. Karatasi yake nyeusi, herufi kama mizizi iliyong'olewa, na fuvu lenye pembe. Sikuipenda. Nguo zetu watu walikuwa wanaziita kafaulaya, kwamba mwenyewe kafa huko Ulaya ndipo zikaletwa kwetu. Nikajiuliza, huyu kafa na nini?

Jirani yangu wa kibaraza alikuwa fundi redio, Mnyamwezi, mtani wangu maana mie Mzaramo. Akaichukua mkononi mwangu bila kuomba, akaitia kwenye redio yenye spika kubwa.

Wallahi, sijapata kusikia kitu kama kile. Ngoma zilikwenda kama kokoto zinamwagwa juu ya bati, hazipumui. Gitaa lilikuwa misumeno yote ya maseremala wa Keko imekutana na msumari. Halafu sauti: mtu anakoroma kutoka tumboni, sawasawa na mgonjwa pepo wake akipanda kichwani. Mama mmoja aliyekuwa anajaribu koti akalivua kama linaungua.

"Maiti anadai koti lake huyo!" akasema, akaenda zake. Wenzake wakamfuata.

"Zima," nikamwambia fundi.

"Ngoja, mtani, wimbo haujaisha."

"Nakwambia zima!"

"Nyie Wazaramo mnacheza ngoma za pepo kila leo, mnaogopa kanda?"

Watu wakacheka. Mtani hakasirikiwi, ndiyo desturi, lakini nilimtazama sana. Upande wangu wa kibaraza alikuwa anautaka tangu kabla sijaja, apanue duka lake. Utani ulikuwa kifuniko kizuri.

Kesho yake hakuna aliyegusa koti. Mlinzi naye akarudisha lake, kalishika kwa vidole viwili.

Nikamwendea bibi wa mtaa wa nyuma, mpunga pepo. Na yeye nilimshuku, maana mtu anayekula kwa pepo hakosi kuwaona. Lakini nani mwingine angeaminiwa? Akaja, akakaa kwenye stuli mbele ya spika, watu wamejaa. Kanda ikawashwa. Bibi akaanza kuihoji kama anavyohoji wagonjwa wake.

"Nani wewe? Umetoka pwani au bara?"

Ikakoroma.

"Unataka nini? Uvumba? Kanga nyekundu? Mbuzi?"

Ikakoroma vilevile. Hakuna aliyecheka. Bibi akasikiliza upande mzima, akataka igeuzwe, akasikiliza na wa pili. Ilipokwisha akasema:

"Huyu si pepo. Pepo ana haja zake, ukimtajia anachotaka hutulia. Huyu nimemtajia kila kitu, hata pumzi hakubadili. Ni binadamu, tena mwenye afya. Maiti hapigi kelele muda wote huo."

"Amekasirikia nini, Bibi?" fundi akauliza.

"Kamuulize mama yake."

Akainuka, akalivaa lile koti jeusi palepale juani, akafunga vifungo mpaka shingoni. "Langu hili." Hakuuliza bei.

Basi vicheko. Mikono ikarudi kwenye makoti. Waliokuja kuona pepo wakaanza kubishania saizi. Fundi akaiwasha tena kanda.

"Unaona, mtani? Kanda yangu imekuletea watu."

"Kanda yako tangu lini?"

Niliiacha ipige, kwa sababu watu walizidi kuja. Jioni lilibaki koti moja lililoliwa na nondo. Lakini siku ile niliuza bila kuwatazama wateja. Macho yangu yalikuwa kwa fundi, ambaye kila watu walipozidi alisogeza spika yake, kidogokidogo, upande wangu wa kibaraza.