Tope la Josho

Baba yangu alikuwa msimamizi wa josho la ng'ombe, si mbali na Birongo. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini, nami nilikuwa msichana wa darasa la sita. Tata, kama tulivyomwita kwa Kikisii, aliipenda sana kazi hiyo. Kabla ya josho kujengwa, ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, ilikuwa ikimaliza ndama kijijini. Sasa kila Alhamisi watu walileta ng'ombe wao na kuwapitisha mmoja mmoja katika mfereji wa saruji uliojaa dawa ya kupe. Tata alisimama ukingoni na mti wenye panda, akiwakandamiza vichwa ili masikio nayo yalowe. Dawa ilimrukia usoni, akaifuta kwa mkono wa koti. Mchana alikula viazi vitamu palepale, kwa mikono ileile.

Mwaka mmoja, wakati wa mvua, bwana mifugo alimwagiza alisafishe josho. Chini kulikuwa na tope zito jeusi la miaka mingi, lililoshiba dawa. Aliambiwa achimbe shimo mbali na mto na kulifukia tope humo. Tata alichimba, lakini mvua ililijaza shimo maji kila siku, na kibarua aliyepewa alifanya kazi siku moja tu akatoweka.

Ijumaa jioni mama alinituma nimpelekee uji. Nilimkuta amelowa mpaka kiunoni, na tope bado lipo. Jua lilikuwa linashuka na Sabato ilikaribia kuingia. Alilitazama lile shimo lililojaa maji, akautazama mteremko unaoelekea kijitoni.

"Kata majani ya migomba," akaniambia. "Tope tutalimwaga na kulifunika hapa. Jumapili nitakuja nilizike vizuri."

Nilikata majani. Alimwaga karai moja baada ya jingine mteremkoni, nami nikafunika. Kisha tukaharakisha nyumbani tukaoge kabla ya maombi.

Usiku wa Jumamosi ilinyesha mvua ya mawe. Jumapili asubuhi tulisikia kilio kutoka kwa jirani yetu wa chini, mjane aliyekuwa na ng'ombe mmoja tu, na huyo ndiye aliyewanywesha watoto wake watatu maziwa. Ng'ombe alikuwa amekata kamba alfajiri, akaenda mteremkoni na kulamba lile tope lenye chumvichumvi. Tulimkuta amelala ubavu, anaharisha, miguu ikipiga hewa. Hakufika adhuhuri. Kijitoni, viluwiluwi walikuwa wanaelea, matumbo juu.

Watu walisema ni ugonjwa. Wengine walisema ni jicho la mtu. Tata alisimama kati yao. Nilimtazama, akaangalia pembeni.

Jioni alimfungua mtamba wetu, akaniambia nimfuate. Mama aliuliza anampeleka wapi. Alimweleza yote kwa maneno machache, na mama akakaa chini pale mlangoni.

Mjane alikuwa anaanika nguo. Tata alivua kofia.

"Mke wa ndugu yangu," alisema, "ng'ombe wako ameuawa na tope la josho. Nililimwaga pasipostahili. Nimekuletea huyu."

Mjane alimtazama mtamba, kisha akamtazama Tata.

"Ng'ombe nimesikia," akasema. "Na maji je? Leo asubuhi, kabla sijamwona ng'ombe, niliteka maji pale. Watoto wamekunywa."

Tata alimkabidhi kamba ya mtamba, akauliza watoto wako wapi.

Watoto wale walitapika siku mbili, wakapona, au ndivyo tulivyosema. Jumatatu Tata alimwendea bwana mifugo kumuuliza kama yale maji yanafaa kunywewa. Bwana mifugo alicheka. "Kwani nyinyi ni kupe?" Tata alirudi akatuambia hivyo hivyo, lakini yeye hakucheka. Tangu siku hiyo mama alitutuma kuteka maji kwenye chemchemi ya upande wa pili wa kilima. Mjane alikuwa na mguu mbovu. Aliendelea kuteka kijitoni.

Tata hakuacha kazi. Alisema asiposimamia yeye, atakuja mwingine asiyejali. Tope alilifukia kwa mikono yake, wiki nzima, lakini lililoshuka na mvua halikurudi.

Miaka michache baadaye viganja vyake vilianza kuota vinundu, vigumu kama punje za mahindi. Ngozi ya kifua ikawa na madoadoa. Kidole kimoja kikatoka kidonda kisichopona. Hospitalini Kisii daktari aliuliza anafanya kazi gani. Tata alipojibu, daktari aliacha kuandika kidogo, akamshika mkono, akaugeuza. Kisha akaendelea kuandika. Hatukuambiwa kitu, nasi hatukujua la kuuliza. Kidole kilikatwa, halafu mkono. Alifariki kabla sijamaliza sekondari.

Siku ya mazishi mjane aliomba kusema. Watu walidhani atamshukuru kwa yule mtamba, maana alikuwa amezaa mara mbili.

"Mtu huyu alikuja kwangu akaniambia ukweli," alisema. "Wanaume wengine hawangekuja. Lakini mtoto wangu mdogo mpaka leo tumbo linamsumbua, na sijui kwa nini. Hilo nalo nataka lisemwe hapa."

Baba mdogo aliinuka kumnyamazisha. Mama alimshika koti.

"Mwache amalize," akasema.

Mjane hakuwa na zaidi. Alikaa. Mchungaji alikohoa, akafungua kitabu cha nyimbo, nasi tukaimba. Nilijaribu kuimba pamoja na wengine, lakini nilikuwa nayakumbuka yale majani ya migomba, na jinsi nilivyoyapanga vizuri, moja juu ya jingine, ili Tata aone kwamba mimi ni mtoto wa kutegemewa.