Nyumba Kubwa ya Mzee Niyomugabo

Anatoli wa Kirushya hakuwa mtu mbaya, tuelewane hapo kwanza. Wagonjwa aliwatembelea, msiba hakuukosa, na ukipita kwake wakati wa kuvuna maharage hukuondoka mikono mitupu. Ila alikuwa na donda moja lisilopona, na donda lenyewe lilikuwa na jina: Jovitus.

Walikuwa wajukuu wa mtu mmoja, mzee Niyomugabo, aliyekuwa na wake wawili. Bibi yake Anatoli ni Felisita. Bibi yake Jovitus ni Rozina. Basi hao wawili walikua pamoja, wakachunga mbuzi pamoja, na sasa wote wana miaka sitini na ushee.

Utadhani Anatoli aliona wivu kwa sababu ya duka la Jovitus pale Kabanga. Hapana, duka angeweza kulisamehe. Yaliyomshinda ni madogo. Jovitus akikohoa kanisani, watu watatu wanageuka kumpa pole. Anatoli alikohoa mwezi mzima mwaka ule wa vumbi, mkewe akamwambia akakoholee nje. Migomba nayo: wote wawili walichukua machipukizi kwenye shina moja, siku moja, lakini mkungu wa Jovitus ulihitaji watu wawili kuubeba. Halafu meno. Jovitus hakuwa na pengo hata moja.

"Hata meno, Baba Kezia?" mkewe, Bernadetha, alimwuliza siku moja akimenya ndizi. "Kwani amekunyang'anya?"

"Sijasema amenyang'anya. Nasema babu alikuwa na meno mazuri na sisi wote ni wajukuu. Huo mgawanyo ulifanyika lini, mbona mimi sikuitwa?"

Bernadetha alicheka mpaka kisu kikamponyoka.

Sasa likaja jambo lisilo la kucheka. Kijiji kilianza kupimiwa ardhi ili watu wapewe hati za kimila, na kila kipande kilitakiwa kiwe na jina la mtu. Ukoo wao ulikuwa na itongo. Itongo ni pale ukoo ulipoanzia: kiwanja cha babu, makaburi, na migomba iliyoota kwenye majivu ya jiko la zamani. Hakuna aliyeishi pale. Jovitus ndiye aliyekuwa akipalizia, kama baba yake kabla yake, na hakuna aliyewahi kumwuliza kwa nini yeye. Mtendaji wa kijiji, dada mmoja anaitwa Happy, akasema ukoo ulete jina la mtunzaji mmoja, na wiki tatu zisipite.

Mzee Niyomugabo aliacha wosia. Ni karatasi ya daftari iliyoandikwa na katekista, chini yake alama ya dole gumba. Mstari wenye maana ni mmoja tu: *Itongo lisigawanywe, litunzwe na nyumba kubwa.*

Nyumba kubwa ni nyumba ya mke mkubwa, hilo kila mtu alilijua. Lakini mke mkubwa alikuwa nani? Waliowajua wale bibi wakiwa wasichana wamekwisha lala. Upande wa Jovitus walisema ni Rozina, maana ndiye aliyefunga ndoa kanisani. Upande wa Anatoli walisema ni Felisita, maana... basi tu, waliambiwa na baba yao. Mpwa mmoja mtukutu akasema nyumba kubwa ni ile yenye bati jipya, akimaanisha ya Jovitus. Watu walicheka. Anatoli hakulala vizuri.

"Akiandikwa yeye," alimwambia mkewe, "imekwisha. Watoto wangu watakwenda kwenye kaburi la babu yao wakipiga hodi. Hodi, Bernadetha! Kwa babu yao wenyewe!"

"Si ukatafute ushahidi, badala ya kunipigia kelele mimi?"

Akaenda. Alivaa koti la Pasaka akapanda pikipiki hadi kwenye parokia ya zamani, ambako vitabu vya mapadri wa kwanza vimehifadhiwa kabatini. Karani wa parokia alikuwa binti mpole aitwaye Joan.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumtafuta bibi yangu."

Joan akaangalia mlangoni, akidhani ajuza fulani amepotea. Walipoelewana alitoa kitabu cha ndoa, kikubwa kama trei ya kuanikia mtama, akapitisha kidole kwenye orodha ya majina. Hakuna Felisita. Hakuna Rozina. Hakuna kitu.

"Umetafuta wapi?" Anatoli aliuliza.

"Kwenye R, mzee. Rozina."

"Jaribu L. Huku kwetu herufi hizo mbili ni mtu na mdogo wake. Padri aliandika alichosikia."

Na kweli alikuwepo: *Lozina*, mke wa Petro Niyomugabo, mwaka 1938. Anatoli alikuja kumtafuta bibi yake, na kwa akili yake mwenyewe amemfukua bibi wa Jovitus.

"Ndoa ni hii moja tu?"

"Wakati ule mwanamume mwenye wake wawili akitaka kubatizwa aliambiwa abaki na mmoja," Joan alieleza. "Kitabu hakisemi nani mkubwa. Kinasema tu nani alibaki."

"Nipe cha ubatizo."

Cha ubatizo kilionyesha kwamba babu alipoingia dini aliwaleta na watoto wake wanne, siku moja. Miaka yao ilikadiriwa kwa macho. Wa kwanza, Ndabahagamye, mama yake Rozina, takriban miaka minane. Huyu ni baba yake Jovitus. Wa pili, Nzikobanyanka, mama yake Felisita, naye takriban minane. Wa tatu, Bandyambona, wa Rozina, mitano. Wa mwisho, Ntahomvukiye, wa Felisita, mchanga wa mgongoni. Huyo ndiye baba yake Anatoli.

"Hata hapa wako mbele!" alinung'unika. "Hata kwenye maji ya baraka!"

"Pengine alikuwa mrefu tu, mzee. Walipangwa mstari."

Anatoli alikiinamia kitabu. Alikuwa akiyasoma majina tena, polepole, na safari hii hakuyasoma kama majina. Aliyasoma kama Mhangaza, mtu wa kabila lililoyatunga. Huku jina la mtoto si pambo. Jina ni neno unalomrushia mtu ambaye huwezi kumwambia usoni, halafu unaliita kila siku kwa sauti, "Njoo ule! Leta kuni!" mpaka alisikie. Nzikobanyanka: najua wananichukia. Ndabahagamye: nimewakwama kooni.

Akainuka kitini.

"Wanagombana!" alisema. "Hawa bibi wawili wanagombana humu kitabuni! Sikiliza, mwanangu. Felisita yuko peke yake na mume wake, ametulia. Analetewa mke mwenza. Anazaa, anamwita mtoto Najua-Wananichukia. Huyu mgeni naye anazaa, anamjibu: Nimewakwama Kooni. Sasa niambie, unaweza kujibu kabla hujasemwa? Aliyesema kwanza ndiye aliyekuwepo kwanza!"

"Na Bandyambona?"

"Wananisengenya huku wananiona. Huyo Rozina tena, mdomo haufungi. Halafu bibi yangu anachoka. Anamzaa baba yangu, anamwita Ntahomvukiye: sina pa kusema ni kwetu." Miaka yote alikuwa na jina hilo kwenye cheti cha shule, na wenzake wakimtania kwamba hana kwao. Leo ndiyo kwanza alijua, au alidhani amejua, ni nani aliyemfukuza.

Joan alimnakilia ukurasa, akagonga muhuri. Kisha akasema kwa heshima, "Mzee, nilichokiandika nimekigongea. Huo ugomvi mimi siwezi kuugongea muhuri."

"Huo utagongwa na ukoo," alijibu Anatoli.

Jumapili iliyofuata ukoo ulikutana itongoni. Watu walikaa kwenye majani ya migomba, Mtendaji Happy kwenye kiti pekee, fomu mapajani. Jovitus alifika kutoka Kabanga na kreti mbili za soda. Anatoli aliziona zile soda akasema moyoni, haya, ameanza. Watoto wote walikimbilia upande ule.

Alipopewa nafasi alisimama na karatasi yake, akauigiza ule ugomvi wa majina kwa sauti mbili, ya Felisita huku na ya Rozina kule. Nakuambia watu walicheka! Alishika kiuno kama Rozina, akafanya machozi ya Felisita. Hata Jovitus alicheka, na meno yake yote. Anatoli akamaliza kwa kuinyoosha karatasi juu.

"Kwa hiyo nyumba kubwa ni ya Felisita. Imo kwenye kitabu cha kanisa."

Wengine walikuwa wanatikisa vichwa kukubali. Ndipo shangazi Eustakia akakohoa. Shangazi huyu alikuwa mtoto wa mwisho wa Rozina, aliyezaliwa baada ya ubatizo ule, na ndiye pekee aliyebaki kati ya watoto wa mzee Niyomugabo. Alikuwa amekaa kimya asubuhi nzima akiila ndizi yake ya kuchoma kwa fizi.

"Anatoli, mwanangu. Kwako ni nani anayewapa watoto majina?"

"Mimi, shangazi. Baba ndiye..."

Akaishusha karatasi yake.

"Baba ndiye," shangazi alimalizia. "Na babu yako alitoa wapi desturi nyingine? Yale majina alikuwa anamrushia kaka yake, pale ng'ambo ya bonde. Walikosana kwa ajili ya ng'ombe. Kaka yake naye akajibu kwa watoto wake, mpaka wakaishiwa na watoto. Felisita na mama yangu waligombana, ndiyo, kwa ajili ya chungu na kuni kama watu. Lakini hawakuchukiana. Hiyo chuki umeileta wewe kwenye pikipiki."

Kicheko kilichofuata hakikuwa cha kuigiza. Bernadetha alijifunika uso kwa kitenge, mabega yakimtikisika. Anatoli aliketi na karatasi yake yenye muhuri, masikio ya moto.

"Kwa hiyo tuandike Jovitus?" aliuliza Mtendaji Happy, kalamu tayari.

"Sijamaliza, binti yangu," alisema shangazi Eustakia. "Mnasoma vitabu vya kanisa, sawa. Lakini mbona mtoto wa kwanza hamkumtaja? Nsabimana. Wa Felisita. Alikufa kwa ndui hata kabla mama yangu hajatolewa kwao. Hakubatizwa, ndiyo maana padri hakumwandika. Yuko pale." Akanyoosha kidole kwenye mawe matatu pembeni ya makaburi, ambayo kila mtu alidhani ni mafiga ya zamani. "Mama yangu alipoletwa kuolewa, kazi ya kwanza aliyopewa na mke mkubwa ni kupalizia hapo."

"Shangazi!" Anatoli aliruka juu. "Ulijua siku zote hizo?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Mlikuwa mnaulizana nyinyi kwa nyinyi."

Kwa hiyo alikuwa ameshinda. Miaka sitini ya kuwa wa pili, na sasa nyumba yake ndiyo kubwa, mbele ya ukoo mzima, kwa ushahidi wa binti wa Rozina mwenyewe. Anatoli akamgeukia Jovitus. Alitaka kuona uso ukianguka. Nisikufiche, alikuwa amekwisha kuuandaa moyo wake kwa ajili ya uso ule, kama mtu anavyoandaa sahani.

Jovitus alisimama, akajipangusa majani kwenye suruali.

"Basi aandikwe Anatoli," alisema. "Sisi tulikuwa tunashika tu. Mkubwa, hongera." Akampa mikono yote miwili, akainama kidogo kama mdogo anavyoinama. Kisha akaenda kwenye yale mawe matatu, akavua kofia, akamwomba radhi mtoto Nsabimana kwa miaka yote ya kumpita bila kumsalimu.

Akina mama wakapiga vigelegele. Lakini kwa nani? Kwa Jovitus! "Huyu ana moyo!" "Wangekuwa wengine hapa pangewaka moto!" Mzee mmoja alifuta machozi. Mtu akamfungulia Jovitus soda, katika soda zake mwenyewe, na watu watatu, Anatoli aliwahesabu, walimpa pole.

Bernadetha akamsogelea mumewe. "Umeshinda, Baba Kezia. Mbona umenuna?"

"Umeona alivyoshindwa?" Anatoli alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nisingeweza kushindwa hivyo hata ningefundishwa."

"Basi muda wa kujifunza unao. Nenda ukasaini."

Happy alikwisha kuijaza fomu. Mtunzaji asaini juu, shahidi kutoka nyumba ya pili asaini chini. Anatoli aliweka sahihi yake kwa nguvu za mtu anayechimba shimo la choo. Herufi zikapanda mlima, ya mwisho ikaangukia nje ya mstari. Jovitus akachukua kalamu ileile, akaipitisha mara moja, na sahihi ikalala pale nyororo, na mkia wake mrefu umejikunja vizuri.

Anatoli alizitazama zote mbili, ya juu na ya chini, kwa muda mrefu.

"Mtendaji," alisema, "una fomu nyingine?"

"Kwani hii imeharibika, mzee?"

"Haijaharibika. Nataka nirudie yangu."